Harufu ya Muhogo Unaoungua

Kabla ya mwaka ule kazi yangu ilikuwa kuuza mifuko ambayo hakuna aliyeitaka. Nikiingia soko la mji wa Metro asubuhi na bunda langu kwapani, wauza mboga walianza kucheka kabla sijawafikia.

"Huyo anakuja, Lasmi wa muhogo!"

"Njoo, dada, njoo. Ule mfuko wako ulikuwa mzuri mno. Panya wangu wanauliza utaleta lini mwingine."

Nilicheka nao, ningefanya nini? Mifuko yetu ilitengenezwa kwa wanga wa muhogo, na ni kweli panya waliipenda. Msimu wa mvua ikikaa ghalani ililegea kama biskuti iliyosahauliwa nje ya kopo. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyotiwa maji, si ya kung'aa kama kioo, na meneja wa hoteli moja aliniambia wageni wake wangedhani ni mifuko iliyokwisha tumika. Kuhusu bei, watu waliugeuza mfuko huku na huku wakitafuta kilichofichwa ndani. Lakini waliotuumiza zaidi ni wale waliochapa picha ya jani la kijani kwenye plastiki ya kawaida na kuiuza kwa jina la muhogo. Mteja akishaumizwa na hao, hataki tena kusikia habari za muhogo kutoka kinywani mwa mtu yeyote.

Mwenye kiwanda alikuwa binamu yangu Wigati. Baba yake alilima muhogo hapa hapa wilayani Lampung ya Kati, akamsomesha kemia Bandung kwa muhogo huo huo, naye akarudi na wazo moja kichwani ambalo hakuna aliyeweza kumtoa. Aliyelitilia fedha wazo hilo ni Koh Handoyo, mfanyabiashara wa saruji na mabati kutoka Teluk Betung. Koh maana yake ni kaka kwa watu wa asili yake ya Kichina, na sote tulimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Sitaki mtu asikie habari hii akadhani alikuwa mbaya.

Kisha miji ya Java ikaanza kupiga marufuku mifuko ya plastiki, mmoja baada ya mwingine, na simu yangu ikaanza kuita. Simu iliyotufanya tukumbatiane uani ilitoka kwa Bi Tiurma, mnunuzi mkuu wa maduka makubwa yenye matawi Java nzima. Alitaka mifuko ya Idi kwa matawi yote. Kwa sharti moja: angekuja mwenyewe katikati ya Ramadhani aone mashine zikizunguka, maana alishadanganywa na watu wa picha ya jani na hakutaka kudanganywa tena.

Tukaanza kufanya kazi usiku na mchana. Na hapo ndipo feni ikafa.

Niwaeleze ilivyokuwa. Ukumbi wa kwanza wa kiwanda ulikuwa wa unga. Wanga mkavu, laini kuliko poda ya mtoto, ulimwagwa kwenye shimo la sakafuni, na mkanda wenye vikombe vidogo uliuchota na kuupandisha hadi kwenye tangi karibu na paa. Mkanda huo ulizunguka ndani ya sanduku refu la chuma lililosimama wima kama bomba la moshi. Kutoka kwenye tangi unga ulishuka ukumbi wa pili, ukachanganywa, ukaingia kwenye mashine ya kuyeyusha yenye skrubu ndefu, na mwisho ukatoka mfuko. Kazi ya feni ilikuwa kuvuta vumbi la ukumbi wa unga na kulitupa nje. Ilipoungua mota, fundi alisema kifaa chake kinatoka Surabaya na hakiwezi kufika kabla ya Idi.

"Basi tusimame," Wigati alisema.

Koh Handoyo alimtazama kana kwamba amemtukana. "Tusimame kwa ajili ya vumbi la unga? Bi Wigati, mama yangu alikaanga vitumbua katikati ya vumbi la unga maisha yake yote. Alikufa kwa uzee."

Watu walicheka, na kazi ikaendelea. Wigati hakucheka. Siku hiyo alinikalisha kwenye ngazi za ofisi akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia kabla. Alipokuwa mwanafunzi, mhadhiri wao alichukua kopo la bati, akaweka mshumaa unaowaka ndani, akafunika, kisha akapuliza kijiko cha unga kwa mrija kutoka chini. Kifuniko kiliruka kikagonga dari, na moto ukatoka koponi mrefu kuliko mtu. Darasa zima lilishangilia.

"Mimi nilikwenda msalani nikatapika," Wigati alisema. "Unga ukiwa ndani ya gunia, Dada Las, utauwekea kiberiti na hautawaka. Ukielea hewani kila chembe imezungukwa na hewa yake. Cheche moja tu. Halafu mlipuko wa kwanza huwa mdogo. Unatikisa boriti, vumbi lililolala juu linaanguka, na huo wa pili ndio unaobeba paa na watu."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu nikimwambia msimamizi wetu, Mzee Darsiman, wafanyakazi watakimbia. Na nikimwambia Koh, atanicheka tena."

Tangu siku ile nilijifunza kutazama juu. Zamani nilikuwa napita ukumbi wa unga bila kuona chochote. Sasa niliona kila boriti ina mgongo mweupe, na kila siku mgongo ule ulikuwa umenenepa. Wafagiaji walipitisha vitambaa vya maji sakafuni na kwenye kuta, lakini juu kule hakuna aliyeweza kufika mashine zikiwa zinazunguka. Mtu akifunga mlango kwa nguvu, kijito cha unga kilimwagika kutoka juu taratibu, nami nilibana pumzi. Nyumbani niliacha kukaanga. Mume wangu aliuliza kwa nini kila siku tunafuturu kwa ndizi za kuchemsha, nikamjibu mafuta yamepanda bei.

Siku ya Bi Tiurma ilikuwa ya joto kali, upepo umelala kabisa. Mchana, Wigati alinishika mkono mlangoni mwa ukumbi wa unga.

"Unanusa?"

Nilivuta pumzi. Tulikuwa tumefunga, na mtu aliyefunga ana pua ya mbwa. Nilinusa wanga, jasho, grisi. Na nyuma ya hayo yote kitu kitamu kidogo, chenye uchungu kwa mbali, kama vipande vyembamba vya muhogo vilivyosahauliwa kwenye mafuta.

"Kuna kitu kinaungua," nilisema.

"Kumbe si mimi peke yangu."

Alipita akinusa kila mashine kama mtu anayetafuta mtoto mdogo aliyejificha. Tulifika kwenye sanduku la mkanda. Aliinua mkono kuligusa, kisha akauacha hewani. Wakati huo huo tukasikia honi getini. Magari mawili yalikuwa yanaingia.

Wigati alimkimbilia Koh Handoyo kabla hajafunga mlango wa gari. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia yote.

"Koh, nataka kuzima ukumbi wa unga. Sasa hivi."

"Leo?" Aliendelea kutabasamu kuelekea gari la mgeni huku akizungumza meno yakiwa yamebana. "Mama huyu ametoka Jakarta. Amevuka kwa feri, amekaa juani, amekuja kuona mashine zinazunguka. Ukimwonyesha mashine zimelala, jioni atawapigia wale wa picha ya jani."

"Kuna harufu ya kuungua."

"Ni Ramadhani, Bi Wigati. Kila mtu ananusa chakula."

"Koh, siko kwenye mzaha."

"Wala mimi." Tabasamu liliondoka. "Nimeweka maduka yangu mawili rehani kwa ajili ya muhogo wako. Mpe mama huyu muda mfupi tu wa kutazama. Akitoka, zima hata wiki nzima, sitauliza."

Nilimwona Wigati akitazama paa la kiwanda, kisha gari, kisha mikono yake. "Muda mfupi," alisema. Sauti yake haikuwa yake.

Bi Tiurma alikuwa mwanamke wa kabila la Kibataki, Mkristo, mnene, mwenye macho ya kupima na sauti ya kujaza kanisa. Nilimpenda papo hapo na kumwogopa papo hapo. Aliuvuta mfuko, akaunusa, akautafuna pembe.

"Ukibeba chupa za sharubati utafika nyumbani?"

"Unafika, mama," nilisema.

"Na mvua ikimkuta mteja njiani?"

"Akaze mwendo kidogo."

Alicheka hadi mabega yakatikisika. "Huyu ananifaa! Wengine wote wananiambia mfuko wao unaogelea. Haya, nionyesheni huo unga."

Tuliingia. Koh Handoyo alikwenda mbele akieleza kwa mikono, Bi Tiurma akafuata, kisha Wigati, kisha mimi. Mzee Darsiman, msimamizi wa zamu, alisimama karibu na sanduku la swichi akiwa amevaa shati safi kwa ajili ya mgeni. Wafanyakazi wengine walikuwa wakimwaga magunia. Harufu ilikuwa imezidi. Bi Tiurma akasema, "Mnapika nini humu? Mnanitia njaa nisiye na saumu," na Koh akacheka kwa sauti kubwa kupita kiasi. Vikombe viligonga ndani ya sanduku, tok, tok, tok, na nilijikuta napumua kwa kuvifuata.

Kisha sanduku likakohoa.

Sina neno jingine. Kilikuwa kikohozi kimoja kizito, cha kifua, ndani ya chuma. Sakafu ilikipokea na kukipeleka miguuni mwetu. Mlango mdogo wa juu ya sanduku ulitoa pumzi ya moshi wa kahawia na ukajifunga. Na baada ya hapo, kutoka kwenye boriti zote kwa pamoja, unga ukaanza kushuka. Haukuanguka. Ulishuka taratibu kama pazia, bila sauti, na mwanga wa madirishani ukaingia ndani yake ukawa maziwa. Nakumbuka nilifikiri, ni uzuri ulioje huu, na papo hapo nikafikiri, hivi ndivyo tunavyokufa.

"Nje!" Wigati alisema. Hakupiga kelele kwanza. Kisha akapiga. "Nje wote! Acheni magunia! Msikimbie, msitimue vumbi, inameni mtembee!"

Mzee Darsiman alikuwa amenyoosha mkono kwenye kitufe chekundu. Ndivyo alivyofundishwa, kukitokea lolote bonyeza chekundu.

"Mzee, usiguse! Usiguse swichi! Inatoa cheche!"

Mkono wake uliganda hewani. Ninauona hadi sasa, vidole vikiwa wazi, na unga ukitua juu yake. Kisha akaurudisha kifuani polepole kana kwamba ameshika yai, akageuka, akatembea.

Nilimshika Bi Tiurma kiunoni. Alikuwa mzito na alikuwa ameanza kukohoa. Hatukuona mlango, tuliona tu weupe uliong'aa zaidi upande mmoja. Nyuma yetu vikombe viliendelea, tok, tok, tok, vikiupandisha moto ule juu pamoja na unga, kikombe kwa kikombe. Nilisubiri kelele. Kila hatua niliisubiri, mabega yamenipanda masikioni, meno yameumana. Tulipotoka juani, mguu wake ulizama kwenye tope la maganda ya muhogo na kiatu kikabaki humo, na sote wawili tukaanguka. Nilitambaa. Sioni aibu kusema nilitambaa.

Tulijikusanya ng'ambo ya uwanja chini ya ukuta. Mzee Darsiman alituita majina. Wafanyakazi wote walikuwepo. Mwanamke mmoja wa kumwaga magunia alikuwa anajipangusa macho, nyusi zake nyeupe kama za bibi kizee.

Wigati hakuwa nasi. Alikuwa anakimbilia nguzo ya transfoma kando ya barabara, nje kabisa ya kiwanda, ambako kuna mkono mkubwa wa kukata umeme wote.

Koh Handoyo alielewa kabla yetu. "Hapana! Bi Wigati! Ukikata wote skrubu itasimama na plastiki ndani! Itaganda! Mashine itakufa!"

"Najua!"

"Hakuna aliyeumia! Ni vumbi tu limeanguka! Wigati!"

Alining'inia kwenye mkono ule kwa uzito wake wote. Ukashuka. Kiwanda kikanyamaza ukumbi baada ya ukumbi, na mwisho vikombe navyo vikasimama. Kimya kile kilinitisha kuliko mlio.

Hakikutokea kitu. Tulikaa tumeinamisha vichwa, tukingoja paa liruke, na paa halikuruka. Kuku walipita uwanjani. Kupitia mlango wazi tuliona weupe ukizunguka polepole ndani, kisha ukaanza kutua. Watu wakaanza kuinua vichwa. Mtu mmoja akacheka kicheko kifupi cha haya.

Koh Handoyo alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa. Mashine ya kuyeyusha ndiyo iliyokuwa moyo wa kiwanda, na sasa plastiki ilikuwa inaganda ndani ya skrubu yake kama jiwe. Aliinuka akamwendea Wigati.

"Umeniua," alisema. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mbele ya mteja. Kwa ajili ya pazia la unga."

"Koh, moto uko ndani ya sanduku."

"Umeuona?"

"Nimeunusa. Wewe pia umeunusa."

"Nauliza umeuona?"

Wigati aligeuka kuutazama mlango wa ukumbi. Hapo ndipo nilipoona shaka ikimwingia usoni, na hofu yangu ikageuka sura. Je, kama ni kweli hakuna moto? Oda ile niliitafuta kwa miguu yangu, soko kwa soko, hoteli kwa hoteli. Niliitazama njia ya tope tuliyotambaa, nikajiuliza kama tumeikimbia riziki yetu wenyewe kwa sababu ya harufu.

Bi Tiurma alikuwa amekaa juu ya gunia, mguu mmoja peku, anapumua kwa shida. "Mkoba wangu," alisema. "Uko ofisini. Dawa yangu ya sukari imo humo."

Ofisi ilikuwa ndani, baada ya ukumbi wa unga.

"Nitaileta," Koh Handoyo alisema.

"Hakuna anayeingia," Wigati alisema.

"Umesikia? Ni dawa."

"Tumtume dereva mjini akanunue nyingine."

"Mjini ni mbali, na mama wa watu anatokwa jasho." Wigati alimshika shati mgongoni kwa mikono miwili. Koh aliibandua mikono hiyo, kidole kwa kidole, kwa adabu kabisa. "Nikirudi mzima utaniomba radhi mbele ya hawa wote."

Akaingia.

Tulimwona akipita mlango, akawa kivuli, akapotea. Mzee Darsiman alisogeza midomo, anasoma dua. Wigati alikuwa amejifunga mikono tumboni, anayumba mbele na nyuma. Nilijikuta nimemshika mkono Bi Tiurma, au yeye amenishika wangu, na kucha zake zimezama. Nilitaka kuziba masikio na niliogopa kuziba, nisije nikakosa kusikia sauti yake akiita.

Alitoka akitembea polepole, mweupe mwili mzima, mkoba shingoni kama mwanafunzi. Watu walianza kushangilia, wakaacha. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeshinda ubishi. Alimkabidhi Bi Tiurma mkoba. Kisha akakifungua kiganja cha kulia mbele ya Wigati.

Ngozi ilikuwa imetoka. Kiganja chote kilikuwa chekundu kibichi na pembeni kuna ngozi nyeupe iliyokunjamana.

"Niliteleza," alisema. "Nikajishikiza kwenye sanduku."

Hatukuwa tumewasha moto wowote ndani ya chuma kile. Sanduku lililokuwa likibeba unga wa baridi lilikuwa limechoma mkono wa mtu kwa kuguswa tu.

"Hakuna anayeingia," Koh Handoyo alisema, na akakaa chini tena.

Zima moto wa wilaya, tuliowapigia simu, walifika jua likiwa linashuka. Kiongozi wao, Afande Jumangin, alianza kufungua mpira mnene wa maji kabla hata ya kusalimia. Wigati alisimama mbele ya mlango.

"Afande, naomba usipige maji kwa nguvu. Utaurusha unga wote hewani."

"Mama, sogea. Moto unazimwa kwa maji."

"Huu ukiurushia maji ya kasi utakulipukia wewe na vijana wako. Nakuomba. Kama ukungu tu. Kama mtu anavyonyunyizia miche. Kwanza sakafu, kisha kuta, kisha boriti, halafu ndipo sanduku."

Afande alimtazama, akatazama kiganja cha Koh Handoyo kilichofungwa kitambaa, akawaambia wenzake wabadilishe mdomo wa mpira. Lakini alitaka mtu wa kuwaonyesha mlango mdogo wa sanduku na wa kutandika magunia ya maji njiani ili viatu visitimue vumbi. Wigati akasema yeye. Nikasikia mtu mwingine akisema atamsaidia kubeba magunia, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Adhana ya magharibi iliadhiniwa tukiwa mlangoni. Hakuna aliyefungua kinywa, hata kwa maji.

Ndani kulikuwa na weupe na kimya. Tuliweka gunia, tukakanyaga, tukaweka jingine. Nyuma yetu ukungu wa maji ulishuka bila haraka. Unga ulinata usoni ukawa gundi. Kadiri tulivyokaribia sanduku nilihisi joto kwenye mashavu, kama unaposogelea tanuri, na rangi ya kijani ya chuma ilikuwa imevimba malengelenge. Miguu yangu ilitaka kugeuka yenyewe. Niliitazama, nikaiambia gunia moja tu, halafu nikaiambia tena.

Walipolowesha chuma hadi mvuke ukaacha kutoka, Afande alimwashiria Wigati. Kulikuwa na kidirisha cha kuchungulia kando ya sanduku, kikubwa kama sahani. Alikilegeza kidogo sana, upana wa unyasi.

Hewa iliingia ndani ikilia, ssss, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Ndani, kwenye giza, donge la wanga mweusi lilikuwa limejaza upande mmoja wote, na katikati yake jicho jekundu likafunguka. Lilikuwa dogo. Likawa kubwa tukilitazama.

Wigati alikirudisha kidirisha kwa mikono yote miwili, taratibu, jinsi mama anavyorudisha mlango wa chumba alicholala mtoto. Afande, aliyekuwa na sauti kubwa kule nje, alinong'ona, "Ya Allah. Na hiki kilikuwa kinazunguka?"

"Kilikuwa kinazunguka," Wigati alisema.

Waliingiza ukungu kwa juu, kidogo kidogo, na kuuacha ulowe. Donge lile lilikataa kufa hadi kesho yake mchana. Walipolitoa lilikuwa jeusi, zito, limeshikamana na mkanda uliochanika. Beringi ya chini, ile iliyoshika gurudumu la mkanda, ilikuwa imesagika, ikasugua chuma hadi ikatengeneza moto, na moto ukala unga kimyakimya, labda kwa siku kadhaa, sisi tukipita pembeni.

Kiwanda hakikulipuka, na kwa sababu hakikulipuka wapo hadi leo wanaosema Wigati aliua kampuni kwa woga. Skrubu iling'olewa kwa nyundo na haikufaa tena. Bi Tiurma alipiga simu kabla ya Idi. Alizungumza na mimi, si na Wigati.

"Mwanangu, nimewapa kazi watu wengine. Maduka hayasubiri."

"Wale wa picha ya jani?"

"Ndiyo. Nisamehe. Mwambie binamu yako bado naota ule unga. Mwambie namshukuru. Lakini kwa shukrani siwezi kufunga bidhaa."

Koh Handoyo alikuja mara moja tu, kiganja bado kimefungwa. Alisimama na Wigati kwenye mlango wa ukumbi uliooshwa, wakaangalia boriti tupu.

"Sina tena cha kuweka humu," alisema. "Hata kama ningekuwa nacho, mke wangu ameniapisha."

"Naelewa, Koh."

"Na ule ubishi wetu..." Aliutazama mkono wake. "Usiku huwa naamka nahisi kile chuma. Basi." Moja ya maduka yake mawili lilichukuliwa na benki. Hakulidai kwetu, na jambo hilo linamuuma Wigati kuliko kama angelidai.

Tulifungua tena baada ya msimu mmoja wa mvua, wachache, kwa mashine kuukuu tuliyoikodi. Wigati alikataa unga mkavu. Tunanunua wanga ukiwa bado donge bichi, lenye maji, na tunaufinyanga kuwa vikopo vya miche kwa wenye mashamba ya kahawa huko Liwa. Faida ni ndogo. Wateja wanalalamika kwamba vikopo vingine vinaoza haraka, vingine polepole, na mimi nimerudi kuzunguka na bunda kwapani.

Asubuhi ya kufungua, tulisimama uwanjani, kila mmoja akimpisha mwenzake atangulie. Ukumbi ulikuwa umesafishwa hadi chuma kinang'aa. Hakukuwa na vumbi hata la kuandikia jina. Hata hivyo hakuna mguu uliosogea.

"Nani anaogopa?" Wigati aliuliza.

Tulitazamana. Mzee Darsiman aliinua mkono kwanza, kisha yule mwanamke wa magunia, kisha mimi, kisha wote.

"Nami pia," alisema. "Haya, tuingie. Atakayenusa chochote aseme, hata kama ni ndizi za jirani."

Aliingia, tukamfuata. Mashine ikaanza kuzunguka kwa kunguruma. Nilitafuta mahali pa kusimama karibu na mlango, nikakuta wenzangu wengi wameshawahi hapo, nikabanana nao.